Sebule Isiyohesabiwa Dakika

1

Mechi imeisha, mto umelalia upande wa Tukuyu, watu wanashangilia mpaka mabati ya ukumbi yanatetemeka, halafu Sekela haamki.

Wengine saba wameamka kama kawaida. Mchezaji wa Vuta Mto akiamka anafanya mambo matatu: anakohoa, anaomba maji, anauliza nani kashinda. Kwa nini ni hayo matatu sijui, na gemu nimelitengeneza mimi. Sekela amelala chali kwenye godoro lake la buluu, kilemba kichwani, midomo imefunguka kidogo kama mtu anayetaka kuonja kitu. Nimeshika simu, nahesabu. Dakika ya tatu. Dakika ya sita. Mechi iliyopita aliamka kwenye ya nne, na ile ya kabla yake kwenye ya pili.

Dakika ya tisa akafumbua macho. Hakukohoa. Aliangalia dari, akatabasamu, halafu tabasamu likamtoka taratibu kama maji yanavyoingia kwenye mchanga.

"Mmeshinda," nikamwambia.

"Ee," akasema. "Saa ngapi sasa hivi?"

"Saa tisa na robo mchana."

"Huku?"

Hilo neno lilinikaa kichwani siku nzima. Huku. Kana kwamba kuna kwingine kwenye saa yake.

Vuta Mto inaonekana rahisi ukiitazama kwenye skrini. Timu mbili, watu wanne wanne, wanajifunga vilemba, vile vitambaa laini vyenye nyuzi za kunasa lepe la usingizi. Wote wanane wanazama kwenye lepe moja. Mle ndani kuna bonde, na juu ya bonde kuna mto ambao haujaamua upite wapi. Hakuna kupiga wala kukimbia. Unauvuta mto kwa kuuwazia tu, upite kwenu, na mwenye moyo uliotulia anavuta zaidi. Ukipaniki, maji yako yanageuka ukungu na unajikuta sebuleni, unakaa mpaka timu yako ikuite urudi.

Sebule ndiyo shida yenyewe.

2

Ofisi yetu iko Kisasa, Dodoma, juu ya duka la vipuri vya pikipiki za umeme. Tuko wawili tu, mimi na Masanja. Tulijifunza kazi hii kwenye simu, kila mtu na yake, yeye Geita na mimi Mpwapwa, tukakutana kwenye kundi la watu wanaouliza maswali ya kijinga.

"Kaa chini," Masanja akaniambia nilipoingia. Alikuwa ameshika kikombe cha uji ambacho hakunywa. "Nimeipata."

Mtambo wetu wa lepe unasoma maelekezo ya Kiswahili cha kawaida. Ukiandika "hapa pawe na mnuko wa mvua," mchezaji ananusa mvua. Ndiyo maana watu wawili waliweza kutengeneza dunia nzima. Lakini kila mtu wa kazi hii ana tabia ya kujiachia vijikaratasi humo ndani, maneno ya kujikumbusha: rekebisha huu mlima, hii rangi mbaya. Vijikaratasi vinawekewa alama ili mtambo usivisome. Alama ni nukta mbili tu mwanzoni.

Akanigeuzia skrini. Kwenye ukurasa wa sebule, mstari wa pili: *weka mtu wa kungoja naye hapa, tutarekebisha baadaye.*

Nukta mbili hazikuwepo.

"Mwandiko wa nani huo?" nikauliza.

"Usiniulize kama hujui. Nani anaandika 'baadaye' kila siku?"

Mimi. Nilikuwa na njaa, kumbukumbu inanijia kabisa, ilikuwa mchana, nilitaka kuchora babu fulani wa kuchekesha akae sebuleni asimulie utani. Nikaandika mstari, nikashuka kununua chipsi mayai. Miaka minne imepita. Mtambo ulinisikiliza kuliko nilivyojisikiliza mwenyewe. Ukaweka mtu. Na kwa kuwa sikusema mtu gani, unaingia kwenye kichwa cha kila mchezaji na kumtafutia yule anayemngoja kuliko wote.

"Ndiyo maana wanatulia hivyo," Masanja akasema. "Anatoka sebuleni anavuta kama watu watatu. Sisi tukadhani ni vile viti laini vya sebuleni."

"Tulisifiwa kwa vile viti."

"Tulipewa tuzo ya vile viti, Nyemo."

Hatukucheka. Akafungua karatasi ya mapigo ya moyo ya Sekela, mechi kumi na mbili mfululizo. Kila akikaa sebuleni moyo unashuka, na kila mechi unashuka zaidi na kupanda unachelewa. Ule mstari ulikuwa mzuri kuutazama, kusema kweli. Kama ndege anayeshuka bila kupiga mbawa.

"Futa," nikasema.

"Kwenye toleo la ligi? Jaribu uone."

Nikajaribu. Skrini ikaniambia kwa upole kabisa kwamba toleo la msimu limefungwa, na ombi langu limepelekwa kwa Baraza la Ligi, asante mtengenezaji.

3

Kwenye Baraza mimi ni mwalikwa. Nina kiti, nina chupa ya maji yenye jina langu, sina kura.

Mwenyekiti ni Kokushubira, mama wa Kihaya aliyewahi kuwa mwamuzi wa netiboli, wote tunamwita Ma Koku. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge chake.

"Mwanangu," akasema, "msimu wa pili, ile Ijumaa, mlibadilisha uzito wa maji. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, Mama."

"Jumamosi Singida wakafungwa. Watoto walifanya mazoezi miezi minane kwa maji mengine. Walilia hapa, kwenye zulia hili. Mkasema samahani, tuliona maji yanapendeza yakiwa mepesi."

Nikainamisha kichwa. Yalikuwa yanapendeza kweli.

"Siku ile ndiyo tukaandika kwamba mtengenezaji hagusi. Anapendekeza, Baraza linapiga kura, na kura nyingi ni za wachezaji wenyewe. Wewe ulisimama ukapiga makofi. Ulisema hata mwenye gemu asiwe juu ya gemu."

"Nilisema hivyo."

"Na dakika za sebuleni kutohesabiwa, hilo nalo walilipitisha wachezaji." Kanuni ni hiyo: kila mchezaji ana dakika ishirini za kuvuta, na zile za sebuleni hazimo. Kocha anaweza kumwacha mtu wake akae humo apendavyo, atulie mpaka awe mzito kama jiwe la mtoni, ndipo amwite.

Mwakilishi wa wachezaji, kijana wa Kahama aitwaye Ng'wandu, akaomba kuongea. "Da Nyemo, tunakuheshimu. Ila wewe ukitutazama unaona watu wamelala. Sisi kule tunajiona tumefika. Ukitaka kuondoa, toa jibu tutampeleka wapi kila mtu aliyemo mle."

"Hawamo mle. Wamo vichwani mwenu."

"Basi usiguse vichwa vyetu."

Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Kura zikapigwa. Tisa kwa mbili. Wawili wenyewe walikuwa daktari wa ligi, Fausta, na Ma Koku. Ndiyo, Ma Koku aliniunga mkono, akahesabu kura, akatangaza nimeshindwa, akaomba tuendelee na ajenda ya rangi za jezi.

4

Siku moja kabla ya fainali nikaenda nyuma ya ukumbi. Wachezaji wana desturi yao, kila mmoja anafua kilemba chake kwa mkono na kukianika mwenyewe, hakiguswi na mwingine. Upepo wa Dodoma unavijua vile vitambaa. Vinapepea kwenye kamba vikinyooka vyote upande mmoja, na jua linapita katikati ya nyuzi mpaka unaona vivuli vyake ardhini vimejaa vinukta vya mwanga.

Sekela alikuwa anakamua chake.

"Da Nyemo. Umekuja kunihurumia?"

"Nimekuja kukusumbua."

"Afadhali. Wa kunihurumia wamekuwa wengi." Ana miaka kumi na tisa, mwembamba, anaongea polepole kama mtu anayechagua punje. Nikamweleza yote: mstari wangu, nukta zilizokosekana, moyo wake kwenye karatasi. Hakushangaa. Alibana kilemba kwenye kamba, akakinyoosha pembe.

"Unamkuta nani?" nikamuuliza.

"Baba."

"Pole. Alifariki lini?"

"Hajafariki, yupo. Yupo Tukuyu, anakaa barazani anatazama mvua. Ananiita binti wa maziwa. Anadhani mimi ndiye naleta maziwa asubuhi, ananishukuru sana, ananiambia nimsalimie mama yangu." Akacheka puani. "Mama yangu yupo jikoni hapo hapo anasikia. Sebuleni ananiita Seke."

"Anakwambia nini?"

"Vya kawaida. Nimekula? Soksi zangu zimekauka? Ananifundisha kuchuma chai tena tangu mwanzo, majani mawili na kichomozo. Da Nyemo, ananikatiza nikiongea. Hujui raha ya kukatizwa na mtu anayekujua."

Nikajikaza. "Sekela, yule si baba yako. Ni wewe unajiongelesha."

"Najua." Akanitazama moja kwa moja. "Na wewe ukimkumbuka mtu, unamkumbuka kwa kichwa cha nani?"

Nikaangalia simu, nilikoandika dakika zake.

"Safari hii hukuamka dakika tisa," nikasema. "Kesho sijui."

"Kesho ni fainali. Baada ya hapo napumzika miezi mitatu. Niahidi hutagusa kitu."

"Siwezi kugusa hata nikitaka. Wamenifungia."

"Basi imekuwa ahadi," akasema, akaninawisha mikono kwa maji yaliyobaki kwenye beseni, nami nikakubali kunawa.

5

"Kuna kipengele cha kumi na tisa," Masanja akaniambia asubuhi ya fainali kwa simu. Yeye alibaki ofisini kulinda seva, mimi niko ukumbini. "Mtengenezaji hawezi kuondoa sehemu ya mchezo. Anaweza kuuondoa mchezo wote, mahali pote, wakati wowote, na ukishaondolewa ligi haiwezi kuurudisha."

"Kwa nini waliacha hilo?"

"Nadhani waliona hakuna mwendawazimu wa kulitumia. Linataka simu zetu zote mbili zibonyezwe pamoja."

"Mahali pote, maana yake na majumbani."

"Watu laki sita, Nyemo. Mama yangu mmojawapo. Kila baada ya chakula cha mchana anajilaza na kilemba chake, mto hata havuti, anapaniki makusudi apelekwe sebuleni. Sijawahi kumuuliza anamkuta nani. Naogopa si mimi."

Saa saba na nusu wakazama. Kwenye skrini kubwa bonde likafunguka, na nimeliona mara elfu lakini bado linanipa kizunguzungu kizuri. Mto umening'inia juu kama shuka linalotikiswa na watu wasioonekana. Kahama wakaanza vizuri. Maji yakainamia kwao, yakapitia kwenye majani, kila jani likawaka kidogo. Dakika ya nane Sekela akageuka ukungu. Makusudi, kila mtu alijua, na ukumbi ukashangilia kama vile amefunga. Ameenda kutulia. Akirudi atavuta kama watu wanne.

Nikasogea kwa daktari Fausta. Mbele yake kuna namba moja tu inayonihusu.

Hamsini na moja. Arobaini na sita. Arobaini na mbili.

Dakika ishirini akiwa sebuleni. Thelathini. Wenzake watatu wanang'ang'ania mto kwa kucha. Kocha wake akampigia kengele ya kumwita, mlio mmoja mlaini. Ukumbi wote ukavuta pumzi. Ukungu wa Sekela pembeni ya bonde haukusogea.

Akapiga ya pili.

Namba thelathini na tisa.

Akapiga ya tatu. Akanigeukia. "Anasikia," akasema. "Taa inaonyesha anasikia. Hataki kuja."

"Mtoe," nikamwambia Fausta.

"Nikimvua kilemba kwa nguvu namharibu ubongo, unalijua hilo wewe kuliko mimi. Na mechi nasimamisha ikifika thelathini na saba. Kanuni inasema chini ya thelathini na nane."

"Na ukisimamisha?"

"Tunapiga kengele." Akasema hivyo halafu akasikia alichosema.

Nikakimbia kwa Ma Koku, mstari wa mbele. Alikuwa ameshasimama. "Naiona," akasema. "Sina mamlaka ya kumtoa mchezaji asiyetaka kutoka. Nimeshaita kikao cha dharura."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi. Wajumbe wawili wako njiani kutoka Morogoro."

"Mama, ni saa nane na robo."

Aliniangalia kwa macho ya mtu aliyeshika filimbi maisha yake yote na leo hana pumzi. "Najua saa ngapi, mwanangu," akasema. "Mimi kanuni zangu zimeishia hapa."

Yaani hakusema fanya. Nataka hilo lieleweke. Aliishia hapo, akakaa.

Nikatoka pembeni karibu na feni, simu sikioni. Kwenye skrini mto ulikuwa unacheza katikati, hauegemei popote, mzuri kupita siku zote nilizowahi kuuona, na nikawaza jambo la ajabu, kwamba labda mle ndani Sekela amevaa soksi kavu na mtu anamuuliza kama amekula. Nani kanipa mimi haki ya kubisha hodi? Nilimwambia siwezi kugusa. Niliwaambia wote, kwa makofi, kwamba mwenye gemu asiwe juu ya gemu.

"Masanja."

"Nipo."

"Thelathini na tisa."

"Naiona hapa." Nikasikia kiti chake kinalia. "Mama kajilaza nusu saa iliyopita. Ukibonyeza nabonyeza. Usiniulize nafikiri nini."

Nikabonyeza.

Seva zikizima kwa utaratibu lepe linamshusha mtu kwa dakika moja, taratibu, tuliliweka hivyo wenyewe. Mto ukasimama. Ukajiinua kutoka kwenye bonde bila kumwaga hata tone, ukajikunja mara moja, ukajikunja tena, mdogo, mdogo zaidi, kama leso anayoikunja mtu mwenye safari. Bonde likapauka. Halafu skrini ikawa skrini, glasi nyeusi inayoonyesha nyuso zetu zote tumeachama.

Nchi nzima, wakati huo huo, watu laki sita wakajikuta wanatazama dari zao.

Wachezaji saba wakakohoa. Wakaomba maji. Ng'wandu akakaa kwenye godoro akauliza nani kashinda, na hakuna aliyemjibu. Kelele zikaanza nyuma ya ukumbi, zikaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya paa, na nikasikia jina langu ndani yake.

"Mama ameamka," Masanja akasema simuni. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ananiuliza nani kazima."

"Mwambie mimi."

"Nimemwambia sisi."

Nikapiga magoti kando ya godoro la buluu. Ma Koku alikuja akasimama nyuma yangu, kitenge chake kikagusa bega langu, akabaki pale pale kati yangu na watu.

"Umeiua ligi," akasema, kama anasoma matokeo.

"Ndiyo, Mama."

Sekela akafumbua macho. Alizungusha macho darini kwa muda mrefu, kona hadi kona, kama anatafuta mlango. Kisha akaniona.

"Ulikuwa wewe?"

"Mimi."

"Uliniahidi."

"Nilikuahidi."

Akavua kilemba mwenyewe. Akakishika mbele ya uso wake, nyuzi zake zimekuwa nyuzi tu.

"Alikuwa hajamaliza kuongea," akasema.

Akanigeuzia mgongo, akajikunja, na mabega yake yakaanza kutikisika bila sauti. Nilinyoosha mkono nikaurudisha. Pale mbele ya Fausta namba ya moyo wake ilikuwa inapanda, na kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kumpa mtu yeyote mle ndani, nikaisoma kimoyomoyo, moja moja, wakati analia: arobaini na moja. Arobaini na tano. Hamsini.